Majani Yaliyokataa Kuoza

Jani la mkamwana wangu lilitoka udongoni likiwa zima, na mimi ndiye niliyelitoa. Naanza hapo kwa sababu nikianzia kwenye usine, kile kiwanda cha dhahabu, mtasema natafuta mtu wa kumtwika makosa yangu. Makosa yangu ni yangu. Moshi nao una mwenyewe. Kila mmoja abebe chake.

Katika nyumba ya mume wangu, upande huu wa milima ya Kabambare, mwanamke akiolewa hupika kwanga yake ya kwanza, mkate wa muhogo, mbele ya wakwe. Muhogo anaulowesha mwenyewe, anautwanga mwenyewe, anaufunga kwa majani mapana aliyoyachuma mwenyewe kando ya kijito. Watu wakisha kula, jani moja linakunjwa tena, linafungwa kwa kamba yake ileile, linazikwa juu mlimani, ndani ya msitu. Hatuliziki shambani, maana shamba linachomwa na kulimwa, udongo wake umechezewa na mikono ya watu. Msitu wa juu hakuna aliyeuchoma. Miezi mitatu ikipita, mama mkwe na shangazi wa bwana harusi wanapanda kufukua. Wakikuta kamba tu na mishipa ya jani, au wasipokuta kitu, basi udongo umempokea bibi harusi. Anapewa jembe lake, sehemu yake ya shamba, jiko lake. Mpaka siku hiyo anapikia kwenye mafiga ya mama mkwe na hapandi mbegu kwa mkono wake.

Na jani likitoka zima? Sikuwahi kusikia jibu, kwa sababu halikuwahi kutoka zima. Langu walilifukua wakakuta kamba peke yake, na hiyo kamba ikakatika mkononi mwa mama mkwe kama uzi wa zamani. Alicheka, akanipa jembe. Nilidhani ni mimi niliyeshinda kitu.

Siku ile nilipanda na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Namwita yaya, na ndiye mwenye kushika desturi za nyumba. Ana miguu mibovu na ulimi mzima. Mawe yetu matatu ya alama tuliyakuta mahali pake. Nilitoa majani yaliyoanguka, nikachimba kwa vidole, nikagusa kitu kilaini chenye kona. Nilijua kabla ya kukiona.

Jani lilikuwa limegeuka rangi ya chai, basi. Kamba yake ilikuwa imekaza. Nililikung'uta, nikalifungua, halikupasuka.

"Labda tumekosea mahali," nilisema.

"Tumekosea nini? Haya si mawe yetu?"

"Labda mvua ilikuwa kidogo, yaya."

"Mvua ilikuwa kidogo, na wewe jana ulikuwa unalia nyumba inavuja!" Alilichukua, akalinyoosha juani. "Eh! Hili unaweza kufungia kwanga ingine. Mutoto wa Lualaba. Maji inamujua, udongo haimujui."

Mkamwana wangu anatoka Nyangwe, kando ya mto Lualaba, kwa watu wa mitumbwi. Mwanangu alimkuta sokoni Kasongo akiuza samaki wa kukausha, wakapatana. Mimi nilimpenda tangu siku aliponisahihisha jinsi ya kutoa miba ya samaki. Lakini pale mlimani sikumtetea. Niliinama nikarudisha udongo shimoni, na nyumbani nikafungua kaye yangu, daftari langu la kila siku, nikaandika: "Jani la mkamwana: zima. Udongo haukumpokea."

Nisimame kidogo hapo. Nimeandika kaye tangu nikiwa mwanafunzi Kasongo, ambako niliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Naandika mvua, mbegu, nani amezaliwa, uyoga umeota lini. Siandiki vizuri. Mara nyingi nasoma nilichoandika nikaona aibu, nikasema nani aliniambia ninajua kitu. Lakini nilijifunza jambo moja kwa mwalimu wetu: andika ulichokiona, usiandike unachodhani umekiona. Siku ile niliandika sentensi mbili. Ya kwanza niliiona. Ya pili sikuiona popote, niliiokota kinywani mwa wifi yangu.

Habari haikungoja. Jumapili watu wa nyumba walikaa uani, wifi akaliweka jani juu ya ungo katikati, kila mtu aliangalie. Watoto walilinusa. Mwanangu alikuwa ametoka kazini, bado ana vumbi kwenye nyusi, akawa anaangalia viatu vyake. Mkamwana alikuwa anasonga bugali kwenye mafiga yangu. Alisonga mpaka mwisho, akaipua, akaja.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo," wifi alisema. "Udongo imesema. Siku ya soko pikipiki inakwenda Kasongo. Toka Kasongo mpaka Nyangwe njia unaijua."

"Shangazi, mimi nilipika vibaya?"

"Ulipika vizuri. Nilikula mbili. Hapana mambo ya kupika."

Mkamwana alipiga magoti, akaligeuza jani. Halafu akanigeukia mimi, si shangazi.

"Mama, ya kwako ilioza?"

"Ilioza."

"Waliizika lini?"

"Mbele ya kumuzaa bwana yako."

"Basi zika ingine leo. Udongo si inakujua, mama? Itakula ya kwako, itaacha ya kwangu. Hapo nitapanda pikipiki mimi mwenyewe, hakuna mutu wa kunisukuma."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Wifi aliinuka nusu kwenye kigoda.

"Muke wa samaki iko na mudomo!"

"Sasa shangazi, samaki haina mudomo? Inakulaka kwa nini, kwa mukia?"

Hapo uani pote palicheka, hata mwanangu. Wifi mwenyewe alificha meno kwa upande wa kitenge, nilimwona. Lakini alishika neno lake: tutazika majani mapya, la mkamwana, na langu, na lake yeye wifi, ili watu wasiseme tumeonea. Miezi mitatu. La mkamwana likitoka zima mara ya pili, anarudi kwao na mwanangu anatafutiwa mke wa hapa. Mwanangu akafungua kinywa. Wifi akamwambia, "Wewe nyamaza, desturi haikuulizi," naye akanyamaza. Sikumpenda siku ile, mtoto wangu mwenyewe. Lakini hata mimi nilikuwa nimenyamaza, tena kabla yake.

Tulipika kwanga wanawake watatu, kila mmoja yake. Majani tulichuma kwenye kichaka kimoja. Nilifunga fundo moja kwenye kamba yangu, mawili kwenye ya wifi, matatu kwenye ya mkamwana, tukazika yote kwenye mawe yaleyale. Wifi alishuka akiimba. Alikuwa na hakika na udongo wake, alizaliwa juu yake.

Mimi sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeona kitu wakati wa kuchimba na sikujua kukisema. Niliposimama pale, majani makavu ya chini ya miti yalinifika juu ya goti. Zamani yalikuwa yanafika kifundo cha mguu. Kila mwaka miti inaangusha, kila mwaka udongo unakula, sakafu ya msitu inabaki palepale. Sasa udongo ulikuwa umeacha kula. Majani ya mwaka huu juu, ya mwaka jana chini yake, ya mwaka ule mwingine chini zaidi, yote yamepangana kama nguo sandukuni. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, sikukuta mnyoo hata mmoja.

Nikarudi kwenye kaye za zamani. Zimeliwa na mende kwenye kona, lakini zinasomeka. Kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, nilikuwa naandika siku ya uyoga mweupe wa mlimani: vikapu viwili, vikapu vitatu, tumekausha juu ya moshi wa jiko. Kisha kikapu kimoja. Kisha "uyoga kidogo, tutaona kesho." Kisha mwaka mmoja sikuandika neno uyoga kabisa, na sikugundua kwamba sikuliandika. Hilo ndilo linaniuma. Mlima haukuanguka kwa kishindo. Ulikuwa unapungua mstari kwa mstari katika mwandiko wangu mwenyewe, na mimi nageuza ukurasa.

Usine ilikuja mwanangu akiwa bado na meno ya utoto. Iko bondeni, chini ya mlima wetu. Inachoma mawe kabla ya kuyatoa dhahabu, kwa sababu mawe ya hapa, dhahabu yake imejificha ndani ya kitu kingine, na hicho kitu kikiungua kinanuka kama kichwa cha kiberiti ukikiwasha karibu na pua. Moshi unatoka kwenye bomba, asubuhi upepo unausukuma kwetu, unapanda mlima polepole, unakutana na ukungu msituni. Hapo unakaa. Ukungu wa mlimani haupiti haraka, unalamba kila jani, na maji yanadondoka chini matone matone hata kama mvua haikunyesha. Nilipokuwa msichana maji hayo tulikuwa tunayakinga kwa mdomo. Sasa yanawasha ulimi.

Nataka kuitendea usine haki pia. Bati la zahanati ni lao. Barabara waliichonga mara mbili, ingawa mara zote mbili mvua iliwashinda. Mwanangu anakula kwao, kwa hiyo na mimi nakula kwao. Anafanya kazi kwenye tanuru lenyewe. Na kuna miaka mvua ilichelewa, usine haikuizuia. Tena sisi wenyewe tumekata miti na kuchoma mashamba chini ya mlima, moto wetu mwingine ulitoroka. Haya yote nimeyaandika, nisije nikajidanganya kwamba sisi ni watu safi.

Kwa ajili ya mashaka hayo nilizika majani mengine, bila kumwambia mtu ila mkamwana. Alikuja na mimi. Tuliuzunguka mlima mpaka upande wa pili, unaotazama mbali kuelekea Lualaba, ambako moshi haufiki. Msitu ni uleule, miti ileile, pia haukuchomwa. Tulizika matatu pale, ya kwanga zilezile, yenye mafundo yetu watatu. Halafu tukazika moja kwenye shamba langu la chini, upande wa moshi, lililochomwa msimu ule ule.

"La shamba la nini, mama?" aliniuliza.

"Sijui. Nataka tu kuona."

"Kama litaoza, watasema nini?"

"Watasema limeoza."

Alifukia shimo kwa mguu. "Mama, wewe ungekuwa muvuvi, ungekufa njaa. Samaki akikuambia 'mimi bado mudogo', ungemurudisha mutoni."

Miezi ile mitatu alipikia kwenye mafiga yangu na hakupanda hata punje moja. Msimu wa karanga ulipita mikono yake ikiwa mitupu. Wanawake wakipita na mbegu walimwita, "Bibi wa jani! Leo unapika nini?" Naye aliwajibu, "Napika kwanga, leteni majani yenu, yangu haifiki kikomo." Alijibu hivyo mpaka wakachoka wao. Lakini mchana mmoja nilimkuta nyuma ya nyumba anapanga mizigo yake. Anaikunja, anaiweka, anaitoa tena. Nilimwuliza anafanya nini. Alisema anapima kama itaenea kwenye pikipiki moja. Nilikaa chini nikamkunjia kitenge kimoja, halafu nikaona ninachofanya, nikakikunjua.

Siku ya kufukua tulipanda watu wengi kuliko wanaosindikiza jeneza. Wifi alibebwa mgongoni na mpwa wake pale penye kupanda sana. Nilichimba mimi. La mafundo matatu likatoka: zima. Nilisikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi. Mkamwana alikuwa amesimama na kanga yake imefungwa kiunoni kama mtu anayengoja kuvuka maji. Nikachimba. La fundo moja, langu: zima. Nikalinyanyua juu ili waone fundo.

"Na la yaya," nilisema.

"Acha nilitoe mimi," wifi alisema. Walimweka chini, akachimba kwa mikono yake. Lilitoka likiwa zima kuliko yote. Hata kona zake zilikuwa kali. Alilishika mapajani. Alinusa udongo, akaweka kidogo kwenye ulimi, akautema.

Halafu akasema, "Basi mimi munizike ng'ambo. Huku nitakaa sawa hivi mpaka kiyama, na hii sura."

Watu hawakujua kama wacheke. Mkamwana ndiye aliyecheka kwanza. Kisha akaja akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo wake ambebe. Wifi alipanda.

Niliwaambia kuna mengine tuliyozika, tukazunguka mlima. Upande wa pili tulikuta kamba tatu. Fundo moja, mawili, matatu, na ndani yake hakuna kitu ila udongo mweusi unaonuka vizuri, na minyoo. Mkamwana aliichukua kamba ya mafundo matatu akaifunga mkononi kama bangili. Hakumwuliza mtu ruhusa. Tukashuka shambani. La shambani nalo lilikuwa limeoza lote.

Niliandika yote. La shambani pia.

Wiki ile ile usine ilimtuma agronomu wake, mtaalamu wa udongo na kilimo. Walikuwa wanataka kuongeza tanuru la pili, na kwa hilo walihitaji karatasi isemayo kwamba msitu wa mlimani unachoka kwa sababu ya wakulima kuchoma mashamba. Kapita wetu, mkuu wa kijiji, alipaswa kusaini, na mwandishi wa kikao naye. Mwandishi wa kikao ni mimi, kwa sababu ya ile miaka mitatu ya sekondari. Tulikaa uani kwa kapita, wakulima, wanawake wengi kuliko siku zote. Nilienda na beseni ya majani.

Njiani mwanangu alinishika mkono. "Mama, ile ya shamba usiseme."

"Kwa nini?"

"Ukiisema, wataishika hiyo tu."

"Unataka nisiseme, na unafanya kazi kwao?"

"Mimi nafanya kazi kwa tanuru, mama. Muke yangu ndiye alikaribia kurudishwa Nyangwe. Unafikiri mimi sijui ni moshi ya nani?"

Kumbe alikuwa amejua, na aibu ndiyo iliyokuwa imemziba mdomo. Nilimwambia sitamwomba aache kazi. Nilimwambia pia kwamba la shamba nitalisema.

Nilipopewa nafasi nilieleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno mabaya zaidi. Niliweka majani matatu mazima mezani, kamba mbili tupu kando yake, maana ya tatu iko mkononi mwa mwenyewe. Halafu nikasema, "Na jani la shamba langu, lililo upande wa moshi, lilioza." Nilimsikia mwanangu akishusha pumzi nyuma.

Agronomu, kijana mwenye adabu, alitabasamu kama mtu aliyerudishiwa kofia yake. "Asante kwa ukweli, mama. Basi munaona. Moshi ni ileile, na udongo wa shamba uko muzuri. Tatizo haiko moshi."

Hapo ndipo nilipotaka kukaa. Kweli nilitaka kukaa. Nilifikiri, huyu amesoma, ana vyombo, mimi nina beseni. Lakini mkamwana alisema kwa sauti ya kutosha, bila kuinuka, "Mama, shamba umelichoma."

Na nikaliona. Lilikuwa jambo la jikoni, nalijua tangu nikiwa na miaka saba.

"Baba agronomu," nilisema, "mama yako anapikaka mboga ngumu na nini?"

"Na chumvi."

"Na nini kingine? Ile maji anachuja."

Akafikiri. "Majivu."

"Kwa nini?"

"Inalainisha. Inatoa uchachu."

"Ndiyo. Shamba langu ilikula majivu ya miti yote niliyochoma. Moshi yenu inatia uchachu, majivu inautoa. Ndiyo maana lile jani lilioza. Mwaka huu. Mwaka kesho majivu itakuwa imeisha, na mimi nitachoma wapi tena? Lakini ule msitu wa juu, nani aliupelekea majivu? Hakuna aliyeuchoma. Hakuna aliyeulima. Sisi hatukuugusa na hapo ndipo jani inakataa kuoza. Upande wa pili hatukuugusa pia na jani inaoza. Sasa wewe uniambie kitu kimoja kiko huku na hakiko kule. Kimoja tu. Nitakiandika."

Wanawake walipiga vigelegele, na wifi kutoka kwenye mkeka akasema, "Andika, muke wa ndugu yangu, kalamu iko na wino!" Agronomu aligeuza jani moja, akasema hawezi kusema bila maabara. Nikaandika: "Agronomu amesema hawezi kusema bila maabara." Ni haki yake. Alinisogezea karatasi yake nisaini. Niliisoma mara mbili, mstari wa kuchoma mashamba ukiwa palepale. Nikasema sitasaini. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, lakini ilitoka. Kapita alinitazama, akatazama wanawake wote wale, akasema, "Kama mwandishi hasaini, mimi nitasaini nini?" Karatasi ilirudi bondeni bila majina. Sijui kama hilo limezuia kitu. Wanaweza kuleta karatasi nyingine, na mwandishi mwingine.

Agronomu akiondoka aliniita kando ya pikipiki yake. Naandika alichosema kwa sababu hakulazimika kukisema. "Mama, hata moshi ikisimama leo, ule udongo hautapona kesho. Mvua imeuosha chakula chake miaka mingi. Mawe ya chini yanairudisha polepole sana. Wajukuu wako ndio wataona." Kisha akaniomba jani moja apeleke. Nilimpa la wifi, lililo zima kuliko yote. Hajarudi bado. Simtukani.

Jumapili iliyofuata wifi aliita watu wa nyumba. Alikuwa na jembe jipya mapajani, mpini ameusugua mwenyewe kwa mafuta ya mawese. Mtu mmoja aliuliza tunatoaje jembe na jani halijaoza mlimani kwetu.

"Kwani jani ya nani imeoza?" wifi alisema. "Yangu? Kama ni kurudisha kila mwenye jani zima, basi mimi nitapanda pikipiki wa kwanza, na muniambie ninakwenda wapi. Mukamwana, njoo hapa."

Mkamwana alilipokea kwa mikono miwili. Mimi nilimpa mafiga matatu. Aliambiwa achague sehemu yake, na sote tulidhani atachagua chini, kwenye majivu mapya. Akachagua kipande cha juu kabisa, ukingoni mwa msitu, upande wa moshi.

"Pale haioti kitu," mwanangu alimwambia.

"Nitaona mimi. Niliambiwa udongo ile hainijui. Basi itanijua."

Kila asubuhi anazoa majivu ya jiko lake kwenye beseni ileile ya majani, anapanda nayo. Nusu anamwaga shambani kwake. Nusu anaingia nayo msituni, anaifukia chini ya mti mmoja, kesho mti unaofuata. Nilimwambia ukweli: mlima ni mkubwa, beseni ni ndogo, na bomba la bondeni halipumziki. Alisema anajua kuhesabu. Siku hizi nampelekea na majivu yangu. Wifi anatuma ya kwake, na salamu kwamba tusimwage ovyo kama watu wa mjini. Sijui kama tunatibu kitu au tunajitibu sisi. Miti tuliyoifikia inaonekana ileile. Karanga zake zimeota, zingine za njano, zingine kijani. Nimeziandika zote mbili.

Sentensi ile ya kaye nimeikata kwa mstari mmoja tu, ili mtu aisome na kujua nani aliiandika: "Udongo haukumpokea." Jani langu la fundo moja nimelitundika ukutani jikoni, juu ya chungu. Wageni wanauliza kwa nini naweka taka ukutani. Nawaambia waliguse. Wanaligusa, wanalikunja, halikatiki. Kisha nawaonyesha dirishani, bondeni, bomba, na nawaacha wamalize wenyewe.